Ngoma droo: neno moja la Kiingereza linavyozunguka viwanjani

Wakati wa mashindano ya CAF fungulia redio asubuhi usikilize taarifa ya michezo. Mtangazaji atakwambia timu fulani jana ilipata droo ugenini, hajameza mate anakwambia droo ya robo fainali inafanyika wiki ijayo, afu akihamia kwenye tenisi anasema binti fulani amefanikiwa kuingia kwenye droo kuu. Droo tatu ndani ya dakika moja na hakuna hata mbili zenye maana moja. Sisi tuliozoea tunapita nazo tu, ila kaa na mtu asiyefatilia mpira uone atakavyokuuliza: sasa hiyo droo ya wiki ijayo wakitoka droo inakuwaje? Unacheka, ila ukianza kumjibu unagundua swali lake lina mashiko.

Neno lenyewe ni "draw", tumelichukua tukaliita droo na tukalizoea mpaka tukatengeneza na msemo wetu, ngoma droo, ambao siku hizi mtu anautumia hata kwenye mabishano ya kijiweni ambapo hakuna aliyemshinda mwenzie. Shida ni kwamba wenye lugha yao wamelibebesha neno hili mizigo mingi sana, na kila mchezo umechukua mzigo wake ukaenda nao.

Mzizi wake ni kuvuta, kukokota, basi. Ukishika hapo mengine yanafuata. Ile droo ya kabati inaitwa hivyo kwa sababu unaivuta. Kuchora wanasema "draw" kwa sababu unavuta kalamu juu ya karatasi, ndo maana ukiipa mashine ikutafsirie habari ya mpira wakati mwingine inakuletea timu mbili "zimechora" mechi, kama vile walikuwa darasani. Kupiga kura ya bahati nasibu ni "draw" kwa sababu unavuta kikaratasi kutoka kwenye chungu. Kuvuta upinde, kuvuta beki, kuvuta mpira mweupe wa pool urudi nyuma, zote hizo ni droo.

Sasa sare imeingiaje hapo? Maelezo yanayotolewa sana ni kwamba inatokana na neno la jirani, "withdraw", yani kujitoa, kurudi nyuma. Majeshi mawili yamepigana mpaka jioni, hakuna aliyemvunja mwenzie, kila mmoja anavuta watu wake anaondoka zake. Kwahiyo hata kwenye sare kuna kuvuta, ila kinachovutwa ni watu wanaoacha ugomvi. Hili la kuacha lishike vizuri, maana kwenye kriketi huko mbele ndo litakuokoa.

Tuanze na mpira maana ndo nyumbani. Kwetu Bongo magazeti yamezoea kutenganisha: bila bila wanaita suluhu, ikiwa na magoli wanaita sare, japo siku hizi vijana wanachanganya na hakuna anayewafokea. Kenya utasikia sare tasa kwa ile ya 0-0, na mimi naipenda sana hii maana mechi nyingine za bila bila kweli hazizai kitu. Droo inabeba zote, ya magoli na ya bila magoli.

Ila thamani ya droo haijawahi kuwa moja miaka yote. Zamani kushinda ilikuwa pointi 2 na droo pointi 1, kwahiyo droo mbili zilikuwa sawa kabisa na ushindi mmoja na timu ilikuwa haina sababu ya kujiua ugenini. England ndo walioanza kutoa pointi 3 kwa ushindi mwaka 1981, Kombe la Dunia likafata 1994. Tazama kilichobadilika hapo: droo yenyewe imebaki pointi 1 vilevile lakini imeporomoka kutoka nusu ya ushindi mpaka theluthi. Wanaolalamika kwamba kocha wao anapaki basi, yani anajaza watu nyuma kuzuia tu, akirudi na pointi moja anaona kashinda, hawajui tu enzi hizo ilikuwaje. Perugia ya Italia msimu wa 1978-79 walimaliza ligi hawajafungwa hata mechi moja, mechi 30, na ubingwa wakaukosa ukaenda Milan. Walishinda 11 wakatoka droo 19. Hebu fikiria shabiki wa Perugia, huna wa kumlaumu, haujafungwa na mtu, na kombe huna.

Halafu kuna ile droo nyingine, ya vyungu na mipira ya plastiki, ambayo kiukweli ni shughuli ya kupanga nani akutane na nani. Hii watu wanaidharau wanaona ni sherehe ya wazee wenye suti lakini ina sheria zake. Chukua droo ya Kombe la Dunia la 2026 iliyofanyika Washington tarehe 5 Desemba 2025: timu 48, makundi 12, vyungu vinne vya timu 12 kila kimoja, vikipangwa kwa viwango vya FIFA na wenyeji watatu wakawekwa chungu cha kwanza. Inavutwa timu moja kutoka kila chungu ili vigogo wasikutane mapema, na juu ya hapo kuna marufuku ya timu mbili za bara moja kukaa kundi moja, Ulaya tu ndo wanaruhusiwa mbili kwa sababu wako wengi. Ndo maana unaona mpira umefunguliwa, jina limesomwa, halafu timu inarukishwa kundi A inapelekwa C na watu mtandaoni wanapiga kelele wizi wizi. Mara nyingi hakuna wizi, ni kwamba pale A tayari kuna mwenzao wa bara lile. Ligi ya Mabingwa Ulaya tangu msimu wa 2024-25 wameona mipira haitoshi, timu ziko 36 na kila moja inatakiwa ipate wapinzani 8 tofauti, kwahiyo kompyuta ndo inapanga wapinzani, mikono ya mastaa wastaafu imebaki kwa ajili ya kamera tu.

Sasa, swali la yule asiyejua mpira. Droo wakitoka droo inakuwaje?

Ilishatokea, tena Afrika, tena sio zamani. AFCON ya 2015 kule Guinea ya Ikweta, kundi D lilikuwa na Ivory Coast, Cameroon, Guinea na Mali. Mechi nne za kwanza za kundi zote ziliisha 1-1, zote nne, utadhani waliambiana. Tarehe 28 Januari mechi za mwisho, Ivory Coast akamfunga Cameroon 1-0, huyo akapita. Kule Mongomo Guinea na Mali wakakutana, Kevin Constant akafunga penalti mapema, Mali nao wakapata penalti yao Seydou Keita akaikosa, kipindi cha pili kimeanza tu Modibo Maiga akasawazisha. Ikaisha 1-1. Kwahiyo timu hizi mbili kila moja imetoka 1-1 mara tatu, pointi 3 kwa 3, magoli ya kufunga matatu ya kufungwa matatu, na wao kwa wao 1-1. Ukitafuta kitu cha kuwatenganisha hakipo kabisa. Kesho yake wakaitwa hotelini Malabo ikachezeshwa bahati nasibu. Droo ikaamuliwa kwa droo! Guinea akapita, Mali akafungasha mabegi hajafungwa na mtu yeyote kwenye mashindano. Guinea naye akaenda robo fainali akachapwa 3-0 na Ghana, na Ivory Coast ndo wakabeba ndoo kwa penalti, fainali yenyewe ikiwa imetoka droo ya bila magoli.

Na hawakuwa wa kwanza. Italia 1990 Ireland na Uholanzi nao walilingana kila kitu, wametoka droo mechi zote tatu, magoli mawili kwa mawili, ikapigwa kura Ireland akawa wa pili Uholanzi wa tatu. Wote walipita ila tofauti yake haikuwa ndogo, Ireland akaenda kucheza na Romania, Uholanzi akapelekwa kwa Ujerumani Magharibi akafia hapo. Ujerumani hao ndo wakawa mabingwa.

Lakini kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha Liverpool na Cologne mwaka 1965, robo fainali ya kombe la mabingwa Ulaya. Mechi ya kwanza 0-0, ya pili 0-0, wakaenda uwanja wa katikati Rotterdam wakatoka 2-2. Penalti za kuamua mshindi zilikuwa bado hazijaanza kutumika, zilikuja kupitishwa 1970, kwahiyo mwamuzi akatoa kisahani chenye rangi mbili akakirusha juu. Kikatua kwenye tope kikasimama wima. Mechi tatu droo, na kisahani nacho droo. Akarusha tena ndo Liverpool wakapita. Unaambiwa penalti ni kikatili, sawa, lakini angalau pale mchezaji anapiga mwenyewe kwa mguu wake.

Tenisi sasa, huku ndo kinyume kabisa. Tenisi haina droo na haiwezi kutoka droo, ila kila siku wanazungumzia droo. Kwao droo ni ile chati yote ya mashindano, ule mti wa majina kuanzia raundi ya kwanza mpaka fainali. Kwenye Grand Slam, yale mashindano manne makubwa ya tenisi, droo kuu ya singo ina wachezaji 128, ukishinda mechi saba umebeba. Wachezaji 32 wenye viwango vya juu wanapewa namba na kutawanywa, namba moja anakaa nusu ya juu na namba mbili nusu ya chini ili wakikutana iwe fainali tu, waliobaki ndo wanavutwa kwa bahati. Kabla ya hapo kuna droo ya mchujo, nayo kwa singo ina watu 128 wanaogombania nafasi 16. Kwahiyo mtu akisema fulani yuko kwenye droo maana yake amefuzu, akisema amepata droo mbaya maana yake njia yake ina vigogo wengi, na hakuna hata mechi moja imechezwa. Angella Okutoyi wa Kenya alipokuwa anapambana kwenye Australian Open ya vijana mwanzoni mwa 2022, aliingia droo kuu akashinda na mechi, msichana wa kwanza wa Kenya kufanya hivyo kwenye Grand Slam ya vijana, na mwaka huohuo akabeba Wimbledon ya vijana kwa wachezaji wawili wawili pamoja na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi.

Kwamba tenisi haiwezi kutoka droo, muulize John Isner na Nicolas Mahut. Wimbledon 2010 raundi ya kwanza, seti ya tano wakaenda 70-68, masaa 11 na dakika 5, siku tatu, ubao wa matokeo ukashindwa kuhesabu. Mchezo mwingine wowote wangeambiwa ngoma droo nendeni mkalale. Halafu 2011 droo ya Wimbledon ikavutwa, majina 128 yale, raundi ya kwanza Isner na Mahut tena. Hii ya pili ikaisha seti tatu tu.

Kriketi ndo yenye kuchanganya kuliko zote, na hapa watu wengi wanapigwa chenga maana kriketi ina vitu viwili ambavyo sisi tungeviita sare. Kuna "draw" na kuna "tie". Tie ni pale timu zote zimemaliza zamu zao na ran, yani pointi za kriketi, zimelingana kabisa, hiyo ndo sare tunayoijua. Draw ni kitu kingine: muda umeisha na mechi haijaisha. Timu moja inaweza kuwa inaongoza kwa ran mia tatu, inaonekana kabisa inashinda, lakini kama haijawatoa wapigaji wote wa upande wa pili siku ya tano jua likizama, ni droo. Ndo ile ya majeshi kuvuta watu wao nyuma. Hakuna kulingana, kuna kuachiana tu. Kwahiyo kwenye mechi za Test, zile za siku tano, utaona timu iliyozidiwa inasimama pale siku nzima haitafuti hata ran, wapigaji wanazuia tu mipira, wanaua muda, na wakifika jioni hawajatolewa wote mashabiki wao wanashangilia kama wameshinda. Kwenye mpira ukifanya hivyo unaitwa muoga, kule ni sanaa.

Tie kwenye Test ni adimu kama nini, katika karibu miaka 150 imetokea mara mbili tu, Brisbane 1960 Australia na West Indies, na Madras 1986 Australia na India. Droo ziko mamia.

Na kuna droo moja ya kriketi ambayo haikutakiwa kabisa kutokea. Machi 1939 Durban, Afrika Kusini na England waliamua wacheze Test isiyo na kikomo, yani hakuna siku tano, mnacheza mpaka apatikane mshindi, lengo lake hasa ni kuondoa droo. Walianza tarehe 3. England wakawekewa ran 696 za kutafuta zamu ya mwisho, kitu ambacho hakijawahi kufikiwa na mtu, na wao wakaanza kuzitafuta taratibu tu kwa sababu muda si upo. Tarehe 14 wamefika 654 wametolewa watu watano tu, zimebaki 42, mvua ikashuka. Na meli ya kuwarudisha Uingereza ilikuwa inawasubiri Cape Town, safari ya treni ya siku mbili kutoka Durban, wasingeondoka jioni ile ingewaacha. Ikabidi waondoke. Mechi isiyo na mwisho ikaisha droo kwa sababu ya ratiba ya meli, na Test za namna ile ndo zikawa zimefika mwisho.

Kwenye kriketi fupi za mzunguko mmoja mambo ni mengine. Fainali ya Kombe la Dunia 2019 England na New Zealand walifungana 241 kwa 241, hiyo ni tie, wakapewa ova ya ziada, yani mipira sita kila upande, wakatoka 15 kwa 15, tie tena, England wakapewa kombe kwa sababu walipiga mipira mingi zaidi iliyofika mpakani. Sheria hiyo ilisemwa vibaya sana wakaibadilisha.

Masumbwi huku droo inatengenezwa na watu watatu wamekaa na kalamu. Majaji watatu, na droo zinatofautiana kutegemea wamegawanyikaje: wote watatu wakiandika sawa ni aina moja, wawili wakiandika sawa na mmoja akampa mtu ushindi ni droo ya pili, na ile inayoleta ugomvi ni mmoja kampa huyu, mwingine kampa yule, wa tatu kaandika sawa. Hiyo ya mwisho ndo ya Tyson Fury na Deontay Wilder, Los Angeles, tarehe 1 Desemba 2018. Kadi moja 115-111 ya Wilder, moja 114-112 ya Fury, moja 113-113.

Watu wanashangaa jaji anaandikaje sawa raundi 12, si lazima mmoja awe ameshinda nyingi? Hebu tuipige hesabu hiyo ya 113. Anayeshinda raundi anapewa 10 mwenzie 9, ukiangushwa chini mara nyingi unapewa 8. Fury aliangushwa raundi ya 9 na ya 12. Tuseme jaji amempa Fury raundi 7 na Wilder 5, mbili za Wilder zikiwa hizo za kuangushana. Fury anapata 70 za raundi alizoshinda, 27 za raundi tatu alizopoteza kawaida, na 16 za zile mbili alizoangushwa, jumla 113. Wilder anapata 50 za ushindi na 63 za raundi saba alizopoteza, jumla 113. Yani jaji aliona kabisa Fury ndo kashinda raundi nyingi, ila zile ngumi mbili zililipa deni lote. Na droo kwenye masumbwi sio pointi moja moja kila mtu anaenda nyumbani, bingwa anabaki na mkanda wake, kwahiyo Wilder akaondoka na mkanda wa WBC na Fury akaondoka na maneno. Kwa bingwa droo ni nusu ya ushindi, kwa mpinzani ni kufungwa kasoro jina.

Chesi droo ni nusu pointi kila mmoja na kule hawana aibu nayo, wachezaji wanaweza kukubaliana katikati ya mchezo wakashikana mikono wakaondoka. Kuna na droo za kulazimishwa, mfano mfalme wako hajatishwa lakini huna hatua yoyote halali ya kwenda, au hali ileile ya kete imejirudia mara tatu, au zimepita hatua 50 za kila upande hakuna kete iliyoliwa wala pawni iliyosogea. Mwaka 2018 London Magnus Carlsen na Fabiano Caruana waligombania ubingwa wa dunia, michezo 12, droo 12. Yote! Ikabidi waende kwenye michezo ya haraka Carlsen akashinda 3-0. Na hiyo bado ni ndogo, maana Karpov na Kasparov 1984 mpaka 1985 walicheza michezo 48 ambayo 40 ilikuwa droo, miezi inapita watu wamechoka mpaka rais wa shirikisho akasimamisha pambano lote bila mshindi. Yani pambano la droo nalo likaisha bila kuisha.

Gofu nako lipo, tena mara mbili. Pale klabu ubaoni au kwenye simu inatoka droo, ambayo ni orodha ya nani anaanza saa ngapi na nani, hiyo sawa na ya tenisi kidogo. Lakini uwanjani droo ni aina ya mpigo: kwa mchezaji wa mkono wa kulia mpira unaanza kuelekea kulia afu unajikunja kurudi kushoto. Ukijikunja upande wa pili ni "fedi". Kwahiyo ukimsikia mtangazaji wa Kenya Open pale Muthaiga au Karen anasema jamaa amepiga droo nzuri, usianze kutafuta aliyelingana naye.

Mbio za farasi droo ni namba ya geti unaloanzia. Inaonekana kitu kidogo ila uwanja kama Chester kule Uingereza ni mduara mdogo uliobana, wanazunguka kushoto muda wote, anayeanzia geti la ndani anakimbia njia fupi, kwahiyo wacheza kamari wanaiangalia droo kabla hata ya kumwangalia farasi.

Mengine nayapitia mbiombio. Upinde nimeshasema, hata uzito wa upinde unapimwa kwa nguvu ya kuuvuta, na Mhadzabe aliyekulia na upinde porini Yaeda angekucheka ukimwambia kuvuta upinde ni "droo". Raga ni kumvuta beki: mko wawili mbele yenu kuna mtu mmoja, unamkimbilia yeye moja kwa moja mpaka akuamini akuvamie, sekunde ileile unampasia mwenzio anapita wazi. Ukipasa mapema beki hajavutwa, ukichelewa umekamatwa na mpira, na watu waliozoea kuangalia Shujaa wa Kenya kwenye saba kila upande wanajua mechi nzima inaishi kwenye hiyo nusu sekunde. Basketi unavuta faulo, yani unamfanya beki akuguse upewe mitupo ya bure. Mpira wa Kimarekani wana mbinu inaitwa droo, mrushaji anarudi nyuma kama anataka kurusha, mabeki wanavutika kumfata, kumbe mpira anampa mkimbiaji kimyakimya anapita palepale walipotoka.

Na hao Wamarekani ukimwambia mechi imetoka droo anaweza asikuelewe haraka, wao sare wanaita "tie". Tena hawazipendi kabisa. Basketi wanaongeza dakika tano tano mpaka apatikane mtu. NFL, ligi ya huo mpira wao wa Kimarekani, sare zipo lakini chache mno kiasi kwamba Novemba 2008 Philadelphia na Cincinnati walipotoka 13-13, Donovan McNabb, staa wa Philadelphia mwenyewe aliyecheza mechi ile, alisema baadae kwamba hakujua kama mechi inaweza kuisha hivyo.

Mwisho wa yote kuna watu wa mikeka ya kubeti, ambao neno droo hata hawalitamki, wanasema tu weka X. Hapa kuna kitu kinawaliza wengi. X ya kawaida inahesabiwa dakika 90 na zile za majeruhi, basi, ikienda muda wa nyongeza au penalti hayo hayahusiani na mkeka wako labda kama soko lenyewe limeandikwa tofauti. Na hata kwenye kumbukumbu rasmi mechi iliyoamuliwa kwa penalti inabaki ni droo, penalti zinaamua tu nani asonge mbele. Rudi AFCON iliyochezwa Ivory Coast mwanzoni mwa 2024. DR Congo walitoka droo na Zambia, droo na Morocco, droo na Taifa Stars yetu, wakapita na pointi 3 za droo tupu. Hatua ya 16 bora San-Pédro wakakutana na Misri, 1-1 dakika 90, 1-1 dakika 120, penalti zikaenda mpaka makipa wakapiga, wa Misri akagonga mwamba, Lionel Mpasi wa Congo akaweka kambani ikawa 8-7. Congo wakaingia robo fainali ya Afrika hawajashinda mechi hata moja. Aliyeweka X siku hiyo alikula, na aliyewapa Congo ushindi mkeka wake ulichanika huku Kinshasa watu wanacheza barabarani.